Pua ya Shemeji

Shemeji yangu alipotoka hospitali, baada ya kulala siku kumi na tatu na mpira wa oksijeni puani, jambo la kwanza alilofanya ni kunidanganya mimi. La pili, alimdanganya mke wake, ambaye ni dada yangu tumbo moja. La tatu, akaenda kazini akadanganya watu themanini kwa mpigo, wamejipanga foleni, kila mmoja na debe lake la maziwa miguuni.

Kabla hamjamhukumu, niwaeleze kazi yake. Shemeji ni mpokeaji wa maziwa. Kituo chetu ni chumba kimoja cha vigae vyeupe, sakafu ina mteremko wa kupeleka maji nje, katikati kuna tangi la kupozea linalonguruma kutwa, na mlangoni kuna kisanduku cha mbao. Juu ya kisanduku hicho shemeji amesimama miaka kumi na tisa. Watu wanaleta maziwa waliyokamua alfajiri. Yeye ananyanyua kifuniko cha debe na kukipeleka puani. Ni kifuniko, si debe, kwa sababu harufu yote hujikusanya chini ya kifuniko. Anavuta pumzi mara moja, kisha anatoa hukumu. Yakiwa mazuri anasema "Weka." Yakiwa mabaya anasema "Ondoa." Neno la tatu hana, na rufaa hakuna.

Mimi nasimama kushoto kwake na laktomita, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa na kuwaumbua waliotia maji. Tumegawana wezi na wachafu: waliotia maji ni wangu, waliochachisha ni wake. Ipo na dawa ya kupimia, unatia matone mawili na maziwa mabaya yanaganda hapo hapo, lakini kichupa kimoja kinatakiwa kitoshe mwezi mzima. Kwa hiyo dawa hutiwa kwenye debe lenye shaka tu, na mwenye kutia shaka ni pua.

Na pua ile, jamani! Alikuwa ananusa kifuniko anamwambia mtu, "Debe umeliosha kwa sabuni ya kufulia, hukulisuuza." Mwingine anaambiwa, "Haya yamelala chumba kimoja na taa ya mafuta." Wiki mbili baada ya kuanza kazi hiyo alikataa maziwa ya mama mkwe wake, mama yetu mzazi, mbele ya foleni nzima. Alimwamkia kwa heshima zote, akanusa, akasema, "Ondoa, mama." Mama alikaa miezi minne bila kumwita "mwanangu." Mtaani wakampa jina la Bwana Pua, na hakuwahi kulichukia. Alichukia ukisahau kumwita hivyo.

Hayo si majivuno ya bure. Samaki mmoja akioza wote wameoza, na tangi ni hivyo hivyo. Debe moja lililochacha likiingia, maziwa ya nyumba themanini yanarudishwa kutoka kiwandani na kumwagwa mtaroni. Tangi likirudishwa mara mbili, mpokeaji anaambiwa avue koti.

Ugonjwa ulianza kama mafua. Siku ya tatu akapata homa, siku ya tano akawa anahema kama aliyekimbizwa na mbwa, ilhali amekaa kitandani. Daktari akasema ni kirusi kilichoshuka kwenye mapafu. Mimi na dada tukawa tunapokezana wodini. Siku ya saba alinishika mkono akashindwa kumaliza sentensi ya maneno manne. Mimi na shemeji tunataniana tangu nikiwa sijaota meno ya mbele ya pili, na siku hiyo nilikosa utani hata wa kusingizia. Nilitoka nje nikalia karibu na ndoo za kudekia. Nasema hivi ili mjue kwamba yote niliyoyafanya baadaye, ya kijinga na ya uongo, niliyafanya nikiwa nimeshamwona mtu akitafuta pumzi.

Akapona. Siku ya kuruhusiwa daktari alituketisha akaongea taratibu, kama mtu anayejua hasikilizwi. "Kirusi kimeondoka, lakini ni kama mpangaji mbaya. Ametoka, nyumba kaiacha vitasa vimeng'oka. Utakohoa wiki kadhaa. Utachoka kwa kazi ndogo. Utasahau sahau. Kuna wanaopoteza harufu na ladha. Kwa wengine zinarudi baada ya wiki, kwa wengine miezi, na kwa wengine hazirudi zote."

"Na pua yake je?" dada akauliza.

"Nzima," akajibu shemeji mwenyewe kabla daktari hajafungua mdomo. Hapo ndipo alipotudanganya.

Tukamfikisha nyumbani. Kutoka getini hadi mlangoni kwao kuna ngazi tano. Ya tatu akasimama, akaanza kukagua ukuta, akaugonga gonga kwa vidole, utadhani anataka kuununua. Dada akamuuliza kulikoni. Akasema rangi imeanza kubanduka. Nikamwona kifua kinavyopanda na kushuka, nikasema kweli, rangi mbaya hiyo, tuitazame vizuri. Tukaitazama sote watatu mpaka pumzi yake ikarudi.

Kusahau nako kukaja kama daktari alivyosema. Miwani yake tuliikuta ndani ya kopo la sukari. Aliniita kwa jina la dada, akamwita dada kwa jina langu, akamwita jirani "nesi." Asubuhi moja alivaa mabuti ya kazini, akatoka hadi getini, akarudi kuniuliza alikuwa anakwenda wapi. Nikamwambia alikuwa anakuja kunipa zawadi. Akaingiza mkono mfukoni kutafuta, maskini, halafu ndipo akanitukana.

Lakini siri ya pua ilidumu siku nne tu. Nilikuwa nakuja kuwaona saa kumi jioni, na moshi niliusikia tangu getini. Nilipoingia sebuleni, shemeji amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya tumbo, ametulia kama bwana harusi. Dada alikuwa uani anaanua nguo.

Shemeji akampazia sauti, "Mama watoto, leo unapika nini? Kinanukia vizuri kweli!"

Kilichokuwa kinanukia kilikuwa koti lake. Pasi ilikuwa imelalia koti jeupe la kazi, hatua mbili kutoka kwenye pua yake tukufu, na moshi unapanda darini. Dada akaja mbio, akachomoa waya, akaliinua koti. Katikati ya mgongo kulikuwa na tundu lenye umbo la pasi. Akalitazama tundu, akamtazama mume wake, akakaa sakafuni akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu wodini." Shemeji alikuwa anaangalia miguu yake. "Chai ni maji ya moto tu. Sabuni sijui ni sabuni. Hata wewe nikikukaribia ni kama nimekaribia ukuta."

"Ukuta," dada akasema akijifuta machozi. "Ukuta umekupikia miaka ishirini na sita."

Dada si mtu wa kukata tamaa. Alirudi kwa daktari peke yake akaambiwa pua hufundishwa upya: chukua vitu vinne vyenye harufu kali, anuse asubuhi na jioni, kila siku, bila kuchoka. Tukachukua limau, karafuu, kahawa na mche wa sabuni. Siku ya kwanza alipata vyote vinne. Tukashangilia. Siku ya pili dada akamfunga kitambaa machoni.

"Hii?"

Akavuta pumzi, akatafakari, kidole kwenye kidevu. "Kahawa. Tena imekaangwa sana."

"Ni soksi yako."

Wiki ya tano meneja akapiga simu. Ni mtu mwema, na hilo ndilo tatizo lake. Alisema, "Pumzika, bwana, hata miezi mitatu. Shemeji yako anaendesha vizuri huku. Tukiona mambo yanachelewa tutaweka mtu mwingine, usiwe na wasiwasi." Shemeji hakuwa na wasiwasi mpaka hapo alipoambiwa asiwe nao.

Nisiwafiche. Wiki zile mimi ndiye niliyekuwa nasimama juu ya kisanduku, na nilikuwa nimeanza kukipenda. Ukiwa juu pale watu wazima wanakuamkia kwa unyenyekevu. Lakini jioni hiyo alinifuata hadi kwangu, akapumzika mara tatu njiani, akakaa kwenye kiti cha jikoni akisubiri kikohozi kimwachie.

"Nisaidie," akasema. "Nikiondolewa pale mimi ni nani? Mzee anayekohoa barazani?"

"Mwambie meneja ukweli. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kifo tumeshaonana naye. Hakunifanya kitu."

Nikacheka, na ukishacheka na mtu umeshakubali nusu. Nilimkumbuka pia siku ya saba wodini. Nikasema haya, rudi kazini, mimi nitanusa kimya kimya na wewe utatamka.

Makubaliano ya kwanza yalikuwa kwamba debe likiwa baya nitakohoa. Mnaona upumbavu wetu. Tulimpa ishara ya kikohozi mtu aliyetoka hospitali akikohoa. Asubuhi ya kwanza foleni ilimpokea kwa vigelegele, akapanda kisandukuni, na kabla hajafungua debe la pili kikohozi kikamkamata mpaka akashika ukuta. Foleni nzima ikasema "pole." Mtu mmoja nyuma, kwa huruma tu, naye akakohoa. Shemeji akajifuta mdomo, akanusa kifuniko kilichokuwa mkononi, akasema, "Ondoa."

Debe lilikuwa la Mama Pacha, mwanamke mwenye ng'ombe wawili na ulimi wa ng'ombe wanne. "Niondoe nini? Maziwa yenyewe bado ya moto!"

Nikaruka na kichupa cha dawa. "Ngoja nithibitishe," nikasema, nikatia matone mawili. Maziwa yakakaa laini kama yalivyokuwa. "Weka," nikasema mimi, jambo ambalo si kazi yangu. Mama Pacha akatutazama mmoja mmoja, akamimina, akaondoka bila kutukana. Nilipaswa kuogopa hapo hapo, maana Mama Pacha haondoki hivi hivi.

Siku ya pili tukabadilisha: nitamkanyaga mguu. Nilimkanyaga. Akasema, "Weka." Nikamkanyaga kwa nguvu zaidi. Akasema, "Weka, weka, usicheleweshe watu." Mabuti ya mpira yale yana unene wa tairi. Ilibidi nijifanye nimeteleza nikalipiga teke debe lile, maziwa yakamwagika sakafuni, nikaomba radhi mbele ya watu na kumlipa mwenye debe kutoka mfukoni mwangu kwa maziwa yaliyochacha. Uchungu wa siku ile ninao hadi leo.

Mwisho tukapata ishara iliyofaa. Nina pete. Nikigonga bomba la kioo la laktomita mara moja, ni "weka", mara mbili, "ondoa." Ilikwenda kama saa, isipokuwa kwa jambo moja. Ili nijue, ilibidi nichote maziwa na kuyanusa kwenye bomba kabla yeye hajanusa. Kwa miaka kumi na tisa pua ilitangulia, kipimo kikafuata. Sasa kipimo kinatangulia, pua inafuata.

Mama Pacha akaliona siku ile ile. "Siku hizi mnapima kabla ya kunusa?"

"Utaratibu mpya," nikasema.

"Wa nani?"

"Wa kiwanda."

"Haya," akasema. "Kiwanda kina mambo."

Basi tukaenda hivyo karibu mwezi. Shemeji akavimba kichwa. Akarudia mbwembwe zake: anafumba macho, anakipitisha kifuniko chini ya pua taratibu, kisha anasema, "Mmh, huyu ng'ombe kabadilishiwa majani," na mwenye ng'ombe anaitikia kwamba ndiyo, kweli kabisa, umejuaje. Nilikuwa nataka kumgonga kwa laktomita. Na nilikuwa nashangaa jambo moja: maziwa mabaya yalikuwa yameadimika. Mwezi mzima niligonga mara mbili kwa madebe mawili tu. Nikasema moyoni, watu wameona mwenzao amenusurika, wamemrudia Mungu na wanaosha madebe.

Kisha nikapata mafua. Mafua ya kawaida, ya watu wote, lakini nilipoamka pua zangu zilikuwa zimezibwa kama chupa. Kichupa cha dawa nacho kilikuwa kimekauka tangu juzi kwa sababu ya kuthibitisha kwangu kila mara. Nikamwambia shemeji tukiwa tunavaa makoti, lake likiwa na kiraka cha umbo la pasi mgongoni.

"Leo sinusi. Tumpigie meneja."

"Usimpigie mtu," akasema. "Mimi nawajua hawa. Mwenye maziwa mabaya anaonekana usoni. Ana salamu nyingi, jasho jembamba, na hakutazami machoni. Leo nitanusa nyuso."

Nilimwambia ni wazimu. Alikuwa ameshapanda kisandukuni. Niliogopa, maana ndani ya tangi kulikuwa na maziwa ya madebe yaliyotangulia, na kila "Weka" aliyoitamka niliona maziwa ya watu themanini yanakwenda mtaroni. Debe la kumi, weka. La ishirini, weka. Nyuso zote zilikuwa kavu kama mbao. La thelathini na moja lilikuwa la Mzee wa Baiskeli.

Mzee huyu huleta maziwa kutoka mbali kuliko wote, debe amelifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira. Ni mtu wa maneno machache na huosha debe lake mara tatu, ya mwisho kwa maji yanayochemka. Katika miaka yote hiyo hajaambiwa "Ondoa" hata mara moja. Asubuhi hiyo tairi lilikuwa limepasuka njiani, akasukuma baiskeli mlima mzima. Alifika jasho linamtiririka, anahema, na macho yake yalikuwa chini kwenye tairi, anawaza fundi.

Shemeji akamtazama kwa makini. Akanusa kifuniko. "Ondoa," akasema.

Foleni nzima ikainua shingo.

"Nusa tena," Mzee akasema kwa upole.

"Nimeshanusa, mzee wangu. Yamechacha."

Mzee hakubishana. Alitoa kikombe cha bati kwenye mfuko wa baiskeli, akachota maziwa, akanywa. Alikunywa kikombe chote mbele yetu, polepole, koo linapanda na kushuka. Akajifuta midomo kwa kiganja. Halafu akaanza kulifunga debe lake tena kwenye baiskeli.

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Nikafungua mdomo, lakini shemeji alinitangulia. Alishuka kisandukuni. Kisanduku kile kina urefu wa shubiri mbili, na alishuka kama anashuka paa. Akamshika Mzee mkono uliokuwa unafunga mpira.

"Usifunge, mzee wangu. Maziwa yako sijui yana nini. Sisikii harufu. Tangu hospitali sisikii harufu ya kitu chochote." Akakohoa, akasubiri, akaendelea, sasa akiigeukia foleni yote. "Nimewadanganya. Mwezi mzima nanusa hewa. Anayenusa ni shemeji yangu, na leo naye ana mafua. Yaliyomo tangini leo sijui ni mazuri au mabaya. Kama tangi likirudi, kosa ni langu, msimlaumu yeye."

Nikasubiri matusi. Mama Pacha akajitokeza kwenye mstari, mikono kiunoni, nikajua sasa tumekwisha.

"Tunajua," akasema.

"Mnajua nini?" shemeji akauliza.

"Tunajua hunusi. Mtu aliyekataa maziwa yangu yakiwa ya moto halafu akapokea ya huyu bwana hapa ambayo mimi mwenyewe niliyasikia kutoka nyuma! Mpaka shemeji yako akajiangusha kama golikipa." Watu wakacheka, nami nikatamani ardhi ipasuke. "Tangu siku ya tatu tunanusiana wenyewe kule kwenye kona ya ukuta, kabla ya kufika hapa. Kila mtu anamnusia aliye mbele yake na aliye nyuma yake. Tumeshawarudisha saba. Wa nne nilikuwa mimi."

"Wa sita mimi," akasema mtu nyuma.

"Na hili la Mzee tumelinusa watu wawili," Mama Pacha akamalizia. "Ndiyo maana leo umetuudhi."

Kumbe mwezi ule wote hakuna aliyekuwa amemrudia Mungu. Nilikuwa nagonga pete yangu kwa madebe yaliyokwisha kupita kwenye pua themanini.

"Sasa kwa nini hamkusema?" akauliza.

Watu wakatazamana. Mwisho Mzee wa Baiskeli, ambaye alikuwa na haki ya kukaa kimya kuliko wote, ndiye aliyejibu. "Tulikuchangia maombi siku kumi na tatu. Ukaja kwa miguu yako. Tungekwambia nini?"

Shemeji akatoa simu mfukoni, akampigia meneja pale pale, akaweka sauti ya nje kwa sababu hana pumzi ya kusema jambo moja mara mbili.

"Meneja, pua yangu haifanyi kazi."

"Tangu lini?"

"Tangu hospitali."

"Wewe! Mwezi mzima? Mbona tangi lenu halijarudishwa hata mara moja? Nani amekuwa akinusa?"

Shemeji akaiangalia foleni, kutoka mlangoni hadi pale inapopinda kwenye kona ya ukuta. "Wao," akasema.

Meneja alicheka, akidhani ni utani. Shemeji alipomweleza habari za kona na yeye akagundua si utani, tukasikia kalamu yake inagonga meza. Mwisho akatoa uamuzi: mimi nikae kisandukuni mafua yakiisha, shemeji ashike laktomita mpaka pua irudi, na kama hairudi, laktomita haihitaji pua. Na leo? Leo, meneja akasema kwa unyonge, endeleeni na utaratibu wenu wa kona.

Nikalimimina debe la Mzee tangini mimi mwenyewe. Alinizuia kabla halijaisha. Akachota kikombe kimoja cha mwisho, akampelekea shemeji, ambaye alikuwa amekaa juu ya kisanduku chake. Kituoni ni mwiko kunywa maziwa mabichi. Hakuna aliyeukumbuka mwiko huo.

"Kunywa," Mzee akamwambia. "Utamu hutausikia, lakini mwili utausikia."

Shemeji akakipokea kikombe kwa mikono miwili. Hakukipeleka puani. Alikunywa moja kwa moja, funda baada ya funda, maziwa aliyokuwa ameyakataa, na hakuwa na njia yoyote ya kujua yakoje isipokuwa neno la mwenye debe.

"Yana joto," akasema alipomaliza. "Nasikia joto tu."

Alirudisha kikombe, akauficha uso wake kwa mkono wa koti, na foleni ikageuka kutazama pembeni mpaka alipokuwa tayari kunishikia laktomita.